Sifa za Joto na za Umeme za Kopolima za Polietilini Zilizogeuzwa: Somo la Kemia kwa Lugha ya Kiswahili

Ikisiri

Polietilini ndiyo plastiki inayotengenezwa kwa wingi zaidi duniani. Wakazi wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kwanza kama mfuko wa kubebea bidhaa, ilhali mojawapo ya kazi zake kuu haionekani kwa macho, nayo ni kuhami nyaya na kebo za umeme. Makala haya yanaeleza sifa za joto na za umeme za polietilini, kisha yanaonyesha jinsi sifa hizo zinavyobadilika polima hiyo inapogeuzwa kwa njia tatu: kuunganishwa na monoma ya pili ili kupata kopolima, kufumwa kuwa wavu, na kutiwa masizi ya kaboni. Hoja kuu ni kuwa kila badiliko huleta faida na hudai malipo. Hali kadhalika, makala yanatumia somo hili kupima uwezo wa Kiswahili wa kubeba maelezo ya kisayansi yanayohitaji usahihi.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu pamekuwapo dai kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi, siasa na soko, lakini si lugha ya maabara. Dai hili limejibiwa mara nyingi kwa orodha za istilahi. Mathalani, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, orodha ya istilahi ni sawa na sanduku la vifaa ambalo bado halijafunguliwa, na kifaa hujulikana ubora wake kinapotiwa kazini. Istilahi nayo huthibitika pale inapofungamanishwa na nyingine katika hoja yenye hatua, hesabu na hitimisho.

Mada iliyoteuliwa hapa ni ngumu kwa makusudi. Sifa za joto na za umeme za kopolima za polietilini zinagusa kemia, fizikia na uhandisi kwa wakati mmoja. Isitoshe, mada hii haiko mbali na maisha ya msomaji. Kebo iliyozikwa chini ya barabara ya mji na paneli ya jua iliyo juu ya paa zote mbili hutegemea polima za ukoo huu. Fundi anayechagua kebo isiyofaa, kwa kuwa hakuelewa maana ya kipimo kilichoandikwa juu yake, anahatarisha nyumba na watu waliomo. Swali la iwapo maarifa haya yanaweza kufundishwa kwa lugha anayoielewa fundi huyo basi si swali la heshima ya lugha pekee.

2.0 Chimbuko la Polietilini

Polietilini iligunduliwa kwa bahati. Mwezi Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakichunguza mmenyuko wa gesi ya ethilini na kemikali nyingine chini ya shinikizo lililozidi mara elfu moja lile la hewa ya kawaida. Matokeo waliyoyatarajia hayakupatikana. Badala yake, walikuta ndani ya chombo kitu cheupe kilichofanana na nta. Majaribio ya Desemba 1935 yalifanikiwa kukitengeneza kwa kiasi kikubwa zaidi. Baadaye ilibainika kuwa chembe za oksijeni zilizoingia pamoja na ethilini ndizo zilizoanzisha mmenyuko. Utengenezaji wa kibiashara ulianza mwaka 1939, na katika Vita vya Pili vya Dunia polietilini ilitumika kuhami kebo za rada.

Kabla ya hapo, kebo za baharini zilihamiwa kwa gutaperka, utomvu mgumu wa miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Kebo ya simu ya maandishi iliyofika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden ilikuwa ya zama hizo za utomvu. Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, kebo ya TEAMS ilipotia nanga Mombasa, utomvu ulikuwa umekwisha kusahaulika. Kebo za baharini za siku hizi hupitisha habari kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, lakini ndani yake mna pia kipitishi cha shaba kinachopeleka umeme kwenye vikuza mwanga vilivyoko sakafuni mwa bahari. Kinachokitenga kipitishi hicho na maji ya chumvi ni polietilini.

Hatua nyingine kubwa ilipigwa mwaka 1953, Karl Ziegler alipogundua huko Mülheim, Ujerumani, vichocheo vilivyowezesha polietilini kutengenezwa kwa shinikizo dogo. Minyororo iliyopatikana ilikuwa imenyooka zaidi. Ziegler na Giulio Natta wa Italia walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963.

3.0 Muundo: Mnyororo, Tawi na Fuwele

Molekuli ya ethilini ina atomu mbili za kaboni na nne za hidrojeni. Molekuli kama hizo, kila moja ikiitwa monoma, zinapoungana kwa maelfu hufanya mnyororo mrefu, yaani polima. Iwapo monoma zote ni za aina moja, hupatikana polietilini halisi. Monoma ya aina ya pili inapoingizwa katika mnyororo uo huo, hupatikana kopolima.

Ili kuelewa tabia ya minyororo hii, yafaa kufikiria mzigo wa kuni. Fito zilizonyooka hufungika pamoja zikashikana, na mzigo ukawa mdogo na mzito. Kuni zenye vitawi vingi hazikubali kulaliana. Mzigo hufura na kubaki na nafasi tupu. Ndivyo ilivyo katika polietilini. Sehemu za minyororo zilizonyooka hukunjamana na kupangana kwa utaratibu, zikafanya fuwele. Sehemu zenye matawi hubaki zimevurugika baina ya fuwele hizo. Polietilini yenye matawi mengi, iliyotengenezwa kwa shinikizo kubwa, ina densiti ya takriban gramu 0.91 hadi 0.93 kwa sentimita ya ujazo, nayo yenye minyororo iliyonyooka hufikia 0.94 hadi 0.97. Tofauti hii huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha mfuko laini na mtungi mgumu wa maji.

4.0 Sifa za Joto

4.1 Kuyeyuka na Kiasi cha Fuwele

Hapa panahitajika kutenganisha istilahi mbili ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Halijoto ni kipimo cha kiwango cha umoto wa kitu. Polietilini inapoyeyuka, sehemu kubwa ya joto linaloingia hutumika kuvunja utaratibu wa fuwele badala ya kupandisha halijoto. Anayetumia neno joto kwa dhana zote mbili atajikuta akisema kwamba joto linaongezwa na joto haliongezeki.

Polietilini yenye matawi huyeyuka katika nyuzijoto 105 hadi 115 za Selsiasi, na ile iliyonyooka katika nyuzijoto 125 hadi 135. Sababu ni unene wa fuwele, kwa kuwa fuwele nene huhitaji halijoto ya juu zaidi ili zisambaratike.

Kiasi cha fuwele hukadiriwa kwa kupima joto la kuyeyusha. Polietilini ambayo yote ingekuwa fuwele ingehitaji takriban jouli 290 kwa kila gramu. Tuseme sampuli ya kwanza imepokea jouli 116 kwa gramu ilipoyeyuka. Ukigawa 116 kwa 290, jawabu ni 0.40, maana yake asilimia 40 ya sampuli ilikuwa fuwele. Sampuli ya pili ikipokea jouli 203, kiasi chake cha fuwele ni asilimia 70. Bila kuziona molekuli, mtafiti ametambua kwamba sampuli ya pili ina minyororo iliyonyooka zaidi.

4.2 Upitishaji wa Joto

Polietilini hupitisha joto kwa shida. Kiwango chake ni takriban wati 0.33 kwa mita kwa kila nyuzijoto kwa ile yenye matawi, na takriban 0.45 hadi 0.5 kwa ile iliyonyooka. Shaba hufikia takriban wati 400, yaani zaidi ya mara elfu moja ya ile yenye matawi. Tofauti hii ndiyo chanzo cha tatizo kubwa katika kebo. Mkondo unapopita katika shaba huzalisha joto, na joto hilo halina njia ya kutokea isipokuwa kupenya kihami. Kihami cha umeme, kwa hivyo, huwa pia kizuizi cha joto. Aidha, joto linalozalishwa hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

5.0 Sifa za Umeme

5.1 Ukinzani na Permitiviti

Mnyororo wa polietilini hauna elektroni huru za kubeba mkondo. Ukinzani mahususi wake huzidi omu-mita 10 kwa kipeo cha 14. Zaidi ya hayo, chaji za mnyororo zimesawazika, hivi kwamba hakuna upande ulio chanya dhahiri wala hasi dhahiri. Uga wa umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde haupati cha kukivuta huku na huko.

Hali hii hupimwa kwa vigezo viwili. Cha kwanza ni permitiviti linganishi, ambayo huonyesha kihami kinavyohifadhi nishati ya uga kikilinganishwa na ombwe. Ya polietilini ni takriban 2.3. Cha pili ni kigezo cha upotevu, ambacho huonyesha sehemu ya nishati hiyo inayogeuka kuwa joto kila uga unapogeuka. Cha polietilini ni takriban 0.0002 tu. Ni vihami vigumu vichache vinavyoipita polietilini katika sifa hizi.

5.2 Uhimili wa Uga na Hatari ya Pengo

Bamba jembamba la polietilini huhimili takriban kilovolti 20 kwa milimita kabla ya kutobolewa na umeme. Kebo ya kilovolti 11, ambayo ni ya kawaida katika usambazaji wa umeme nchini Kenya, ina kilovolti 6.35 baina ya kila kipitishi na ardhi. Kihami chake kikiwa na unene wa milimita 3.4, wastani wa uga ni 6.35 ukigawa kwa 3.4, yaani takriban kilovolti 1.87 kwa milimita. Hii ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya uhimili uliotajwa. Kwa nini basi kebo huharibika?

Jibu liko katika dosari ndogo. Tuseme ndani ya kihami mna pengo bapa lililojaa hewa. Kwa vile permitiviti ya hewa ni 1 na ya polietilini ni 2.3, uga ndani ya pengo huongezeka mara 2.3 na kufikia takriban kilovolti 4.3 kwa milimita. Hewa ya kawaida huvunjika katika takriban kilovolti 3 kwa milimita. Ni kweli kwamba mapengo madogo mno huhimili zaidi ya hapo, lakini pengo lenye ukubwa wa kutosha huanza kutoa cheche ndogondogo zisizosikika. Kila cheche hula kuta za pengo kidogo, na baada ya miezi au miaka hutokea njia yenye matawi inayopenya kihami hadi kebo ikapasuka.

Adui wa pili ni maji. Unyevu ukishirikiana na uga wa umeme huzalisha ndani ya polietilini maumbo mithili ya vichaka, yaitwayo miti ya maji. Dosari hii ilianza kutambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka iliyofuata ilielezwa kuwa chanzo cha kufa mapema kwa kebo nyingi zilizozikwa ardhini.

6.0 Njia za Kugeuza Polietilini

6.1 Kopolima ya Ethilini na Vinili Asetati

Monoma ya vinili asetati ina kundi la pembeni lenye oksijeni. Kundi hilo ni kubwa, hivyo haliwezi kuingia katika mpangilio wa fuwele. Lina pia upande chanya na upande hasi. Sifa hizi mbili zinatosha kueleza karibu kila badiliko linalofuata.

Kwanza, fuwele hupungua na kuwa nyembamba. Kopolima yenye asilimia 18 ya vinili asetati kwa uzani huyeyuka katika takriban nyuzijoto 86, na yenye asilimia 28 katika takriban nyuzijoto 73. Kiasi kikizidi asilimia 40, fuwele hukaribia kutoweka na kopolima huwa laini kama mpira.

Pili, permitiviti hupanda kutoka 2.3 hadi baina ya 2.5 na 3.2, kutegemea kiasi cha vinili asetati. Kigezo cha upotevu hupanda mara kumi au zaidi, na ukinzani mahususi hushuka. Makundi yenye chaji hutikisika kila uga unapogeuka, na mtikisiko huo huzaa joto.

Tatu, uthabiti dhidi ya joto kali hupungua. Kopolima hii huoza kwa hatua mbili. Katika takriban nyuzijoto 300 hadi 400, makundi ya pembeni hujitenga yakawa asidi ya siki. Kisha uti wa mnyororo wenyewe huvunjika katika halijoto ya juu zaidi. Hatua ya kwanza inaweza kutabiriwa kwa hesabu. Gramu 86 za vinili asetati hutoa gramu 60 za asidi ya siki. Gramu 100 za kopolima yenye asilimia 28 zina gramu 28 za vinili asetati, hivyo zitapoteza 28 mara 60 ukigawa kwa 86, yaani takriban gramu 19.5. Kwa kupima uzani unaopotea katika hatua hiyo, mkemia anaweza kurudi nyuma na kujua kopolima ilikuwa na vinili asetati kiasi gani.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kopolima huyeyuka mapema, hupoteza nishati zaidi na huoza kwa urahisi, kwa nini itengenezwe? Sababu ni kwamba ulaini wake na mvuto wa makundi yake ya pembeni huiwezesha kupokea unga mwingi wa madini bila kuvunjikavunjika. Alumini hidroksidi inayochanganywa ndani yake huachilia maji kuanzia takriban nyuzijoto 200, ikapooza moto bila kutoa gesi ya hidrojeni kloridi ya kuunguza mapafu. Kebo za aina hii hupendekezwa katika majengo yenye watu wengi. Vilevile, kopolima yenye asilimia 28 hadi 33 ya vinili asetati ndiyo iliyotumika kwa wingi kugandisha kioo na seli za paneli za jua. Paneli ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, kopolima hutoa asidi ya siki polepole, na asidi hiyo inaweza kula viunganishi vya chuma vilivyomo. Jambo hili lina uzito katika nchi zenye jua kali na mwambao wenye unyevu.

6.2 Kufuma Minyororo Kuwa Wavu

Nyuzi zilizorundikwa pamoja huvutika moja moja zikatoka. Nyuzi zizo hizo zikifungwa mafundo na kuwa wavu, haitoki hata moja. Polietilini nayo yaweza kufumwa namna hiyo. Katika njia ya peroksidi, ambayo ilistawishwa kwa ajili ya kebo mapema katika miaka ya 1960, peroksidi huvunjika kwa joto na kung'oa hidrojeni kutoka kwenye minyororo. Sehemu zilizong'olewa hidrojeni huungana, na hapo ndipo penye fundo. Katika njia ya sileni, molekuli zenye silikoni hupandikizwa kwanza kwenye mnyororo, kisha maji huzifunga pamoja. Mionzi yenye nguvu pia hufanya kazi hiyo.

Wavu huu hauzuii fuwele kuyeyuka; katika takriban nyuzijoto 105 fuwele huyeyuka kama kawaida. Tofauti ni kuwa kihami hakitiririki. Jaribio la kawaida ni kukitundikia uzito kipande cha kihami katika nyuzijoto 200 kwa dakika 15. Polietilini isiyofumwa ingedondoka, ilhali iliyofumwa hurefuka kwa kiasi na kubaki imeshika.

Faida yake huonekana katika vipimo vya kebo. Polietilini ya kawaida huruhusu kipitishi kufikia nyuzijoto 70 hivi kwa matumizi ya kudumu. Iliyofumwa huruhusu nyuzijoto 90, na kwa sekunde chache za hitilafu huruhusu hadi 250. Kebo ikizikwa katika udongo wa nyuzijoto 25, nafasi ya kupanda kwa halijoto ni 45 kwa ile ya kwanza na 65 kwa ya pili, yaani mara 1.44. Ukinzani wa shaba yenyewe huongezeka kwa takriban asilimia 7 kutoka nyuzijoto 70 hadi 90, hivyo 1.44 hugawanywa kwa 1.07 na kupata 1.35. Kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, hutafutwa kipeuo cha pili cha 1.35, ambacho ni takriban 1.16. Shaba ileile, katika shimo lilelile, inabeba mkondo zaidi kwa asilimia 16. Permitiviti hubaki karibu 2.3.

Malipo yake ni haya: polima iliyofumwa haiwezi kuyeyushwa na kufinyangwa upya, hivyo ni vigumu kuitumia tena inapochakaa. Aidha, peroksidi huacha mabaki, pamoja na gesi ya metheni, ambayo lazima yatolewe kabla ya kebo kuanza kazi.

6.3 Kopolima Dhidi ya Miti ya Maji

Katika vita dhidi ya miti ya maji lilijitokeza jambo ambalo mtu asingelitarajia. Polietilini iliyofumwa ikichanganywa na kiasi kidogo cha kopolima yenye makundi ya chaji, kwa mfano kopolima ya ethilini na butili akrileti, kigezo chake cha upotevu huongezeka. Kwa kipimo cha siku moja maabarani, kihami hicho ni duni. Lakini ardhini, kwa miaka mingi, miti ya maji hukua ndani yake kwa shida zaidi. Inaaminika kuwa makundi hayo huyasambaza maji badala ya kuyaacha yajikusanye mahali pamoja. Somo lililopo ni kuwa kihami bora si lazima kiwe kile chenye tarakimu nzuri kuliko vyote siku ya kwanza.

6.4 Masizi ya Kaboni

Njia ya mwisho hugeuza kihami kuwa nusukipitishi. Mfano ni mawe ya kuvukia mto. Mawe machache hayamfikishi mtu ng'ambo. Yakiongezwa, hufika wakati ambapo jiwe moja zaidi hukamilisha njia. Vivyo hivyo, masizi ya kaboni yanapoongezwa katika kopolima, ukinzani hubadilika kidogo tu hadi kiwango fulani. Hapo huporomoka ghafla kwa mamilioni ya mara, kwa kuwa chembe zimegusana. Tabaka za aina hii hupakwa juu ya kipitishi na juu ya kihami cha kebo za volti za juu ili kulainisha uga na kuziba mapengo yaliyoelezwa katika sehemu ya 5.2.

Joto likiingia, hutokea kinyume. Fuwele zinapoyeyuka, polima hutanuka, mawe hutengana, na ukinzani hupanda ghafla. Sifa hii hutumika kutengeneza fyuzi zinazojirudisha zenyewe: mkondo ukizidi, fyuzi hupata moto na kuziba njia, ikipoa, njia hufunguka. Hapa sifa ya joto na sifa ya umeme zimekuwa kitu kimoja.

7.0 Masuala ya Lugha Yanayoibuka

Maelezo yaliyotangulia yanadhihirisha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kina maneno yanayobeba dhana kwa uwazi. Kihami, ukinzani, fuwele, masizi, wavu na asidi ya siki yanajieleza kwa msikilizaji. Maneno ya kukopa kama polima, monoma, permitiviti na peroksidi hayakidunishi Kiswahili, maana hata lugha za Ulaya ziliyakopa kutoka Kigiriki na Kilatini.

Pili, hatari haiko katika ukosefu wa maneno pekee, bali pia katika matumizi yasiyo na mipaka. Kebo hufa kwa njia mbili. Volti ikizidi, kihami hutobolewa. Mkondo ukizidi, kihami hupikwa. Anayesema tu kwamba umeme ulikuwa mwingi hajataja chanzo, na dawa atakayotoa inaweza kuwa si yake. Kihami kinene zaidi husaidia dhidi ya volti, lakini hulibana joto la mkondo. Kutofautisha volti na mkondo, joto na halijoto, ni jambo la usalama kabla ya kuwa la sarufi.

Tatu, uteuzi wa kitenzi una uzito. Makala haya yametumia kugeuza, si kuboresha. Kuboresha kungedai kwamba polima imekuwa bora kwa kila hali, ilhali imebainika kuwa hakuna badiliko lisilokuwa na malipo. Ulaini ulilipiwa kwa uthabiti, uwezo wa mkondo ukalipiwa kwa ugumu wa kufinyanga upya, na maisha marefu yakalipiwa kwa upotevu mdogo wa kila siku.

8.0 Hitimisho

Polietilini halisi ni kihami cha ajabu, lakini huyeyuka mapema na huogopa maji. Kopolima, wavu na masizi huipa sifa mpya, kila moja kwa gharama yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mhandisi huchagua mahali pa kuinama kulingana na kazi iliyo mbele yake. Kuhusu lugha, imeonekana kuwa hoja yenye hesabu na mfuatano wa sababu inaweza kusimama kwa Kiswahili, ilmradi mipaka ya istilahi iheshimiwe. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni kuketi pamoja na wenzao wa kemia na uhandisi, na kwenda pamoja nao hadi kwa fundi aliye juu ya ngazi, ili maneno haya yajaribiwe mahali ambapo kosa la maana linaweza kuwasha moto.